Baba Mkwe Juu ya Kabati

Jumanne, 3 Juni

Nimepita mlango wa nyuma tena. Maziwa nimechemshia jiko la nje, chai nimeinywea huko huko nimesimama. Ukungu mpaka saa nne. Ng'ombe ametoa kidogo.

Sebuleni sijaingia tangu jana. Yupo.

Niandike vizuri, nisije nikasoma mwakani nikajishangaa. Juu ya kabati la vyombo kuna kidude, ukubwa wa kopo la majani ya chai, chenye jicho moja na kioo cha kuonyesha picha. Mwanangu Ipyana amekileta kutoka Dar es Salaam. Ni cha kuwaangalia wazee wanaoishi peke yao. Kinasikia unavyopumua. Kinaona ukianguka. Asubuhi na jioni kinakuuliza maswali kujua kama akili bado imetulia, halafu majibu yanakwenda kwenye simu ya Ipyana. Taa ya kijani, mama mzima. Njano, mashaka. Nyekundu, anakuja kunichukua nikaishi kwake ghorofa ya nne, na shamba apewe mtu wa parachichi. Tulikubaliana baada ya mimi kuteleza zizini. Nilisema sawa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilidhani mchezo.

Sauti hatukukubaliana. Wenye kidude walimwambia wazee huitikia haraka sauti wanayoijua. Ipyana akatafuta kaseti ya harusi yangu, ile ambayo babu yake alisimama kuombea chakula na maombi yakawa marefu mpaka chakula kikapoa. Akawapa. Kutoka humo wakatengeneza sauti nzima, ya kusema chochote. Kwa hiyo Baba Mkwe, aliyezikwa kabla umeme haujafika hapa Ikuti, sasa ananisemesha kutoka juu ya kabati, na lafudhi yake ileile ya Kinyakyusa.

"Habali sa asubuhi, mama. Umelala salama?"

Uhai wake wote hakuwahi kunisemesha. Leo niliposikia nilijifunika kanga kichwani, nikainama, nikatoka mbio. Nina miaka sabini na moja, na nimejificha nyuma ya mgomba kama bibi harusi.

Alhamisi, 5 Juni

Mkwe haangaliwi. Haguswi, hasemeshwi, njia yake haikatizwi. Kwa Kinyakyusa ni kutila. Wengi waliacha walipookoka. Mchungaji alituambia si dhambi kumsalimia baba mkwe. Nilimsikiliza mchungaji, nikasema amina, nikaendelea kumkwepa Baba Mkwe.

Jina lake ndilo kubwa. Mama mkwe alinifundisha wiki ya kwanza: si jina tu, hata neno lolote lenye mlio wake mkamwana halitamki. Na mimi nimepata mkwe mwenye jina la mnyama! Yule mwenye ndevu, anayelia mee, anayechinjwa Krismasi. Nusu karne sijamtaja mnyama huyo. Buchani naonyesha kwa kidole.

Nilipokuwa mpiga chapa bomani, ripoti za mifugo nilimpa mwenzangu. Mikutano niliandika "muhtasari", kamwe si lile neno jingine. Barua za serikali zote huanza "Kumb. Na." Nilishukuru aliyefupisha, aliishia kabla hajafika pabaya.

Leo jioni nilijikaza. Nilikaa kwenye kiti kilichogeukia ukuta, kanga mpaka puani. Kikaniambia nigeuke nitazame picha. Nikaitazama kwa kioo changu cha mkononi, nimekipa kidude mgongo. Ng'ombe, nikataja. Mwavuli, nikataja. Kisha akaja yeye, na ndevu zake.

Mwenye ndevu, nikasema.

Kikataka nijaribu tena. Nikasema mwenye ndevu. Kikataka tena. Kwa sauti ya mwenye jina, kinanidai jina lake! Nilitoka nimelowa jasho, na nje baridi kali.

Taa ilikuwa kijani nilipoingia. Nilipotoka ilikuwa njano.

Ijumaa, 6 Juni

Ipyana amepiga simu asubuhi na mapema. Amepelekewa video. Mama anapita sebuleni ameinama mpaka chini. Mama amejibanza nyuma ya mlango. Mama anaongea na ukuta.

Nikamweleza. Nikasema umemleta babu yako ndani ya nyumba, mimi nitakaaje naye? Akacheka kwanza. Kisha akasema polepole, anavyoongea na wanawe, "Mama, babu alishafariki."

Najua alishafariki. Nilipika msibani kwake.

Baadaye ndipo akaniambia ukweli. Kwenye maelezo ya kidude imeandikwa kwamba mzee akianza kusema marehemu yupo nyumbani, hiyo ni dalili. Kwa hiyo nikinyamaza, nimepotewa na maneno. Nikieleza, nimepotewa na akili. Nilimwomba abadilishe sauti. Anasema upimaji ukishaanza hawaibadilishi mpaka mwezi uishe.

Nina hasira. Angalia mwandiko.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekirushia kanga kutoka mlangoni, macho nimefumba. Nimekosa mara nyingi, nimepata. Raha ya nusu saa. Ipyana akapiga: "Mama, umeziba kamera?" Nikaitoa kwa fimbo ya kuangulia parachichi.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya ibada nimemwambia wifi yangu, Tumwitike. Yeye ni dada wa marehemu mume wangu, anakaa Bulyaga. Alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa. Ghafla akaacha. "Wifi, ni sauti ya tata kabisa?" Nikasema kabisa, ni baba yako. Akapanda bodaboda nami hadi Ikuti bila kupita kwake kubadilisha nguo.

Akaketi mbele ya kabati. Mimi nikabaki jikoni, sikio kwenye ukuta. Aliisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, tata," sauti ikamjibu kuwa haijaelewa, arudie tafadhali. Akarudia. Ikamuuliza kama amekunywa dawa. Akalia, akasema ndiyo tata, nimekunywa. Yule hana dawa yoyote, ana nguvu kuliko mimi.

Nilimwonea wivu. Amekaa na baba yake uso kwa uso, jambo ambalo mimi nisingeweza hata kama angefufuka kweli.

Tumwitike ni binti, jina la baba yake anataja akitaka. Picha ya mwenye ndevu ilipokuja akaropoka jibu kunisaidia. Tukashangilia kama watoto. Jioni Ipyana akapiga. Kidude kimetoa taarifa: mtu mwingine anajibu badala ya mgonjwa.

Mgonjwa. Ndilo jina langu sasa.

Jumanne, 10 Juni

Leo nimesimama jikoni na sufuria ya chai mkononi nikitafuta kile kitu cha kuchujia. Nimekiona. Jina lake halikuja. Si neno la mwiko, ni neno la kawaida kabisa. Nilisimama mpaka chai ikapoa.

Chujio. Limekuja jioni nikiwa zizini.

Naogopa. Je, kama kidude kinasema kweli? Kama maneno yananitoka na mimi nasingizia heshima?

Jumatano, 11 Juni

Kuna jipya, baya zaidi. Sasa kinauliza mambo ya jana. Ulikula nini, nani alikuja. Kabla ya kujibu kinataka useme kwanza kama jambo lenyewe limo kichwani, na useme kwa neno lake hasa. Neno la kutosahau. Linaanza na "naku", linaisha na "ka", na katikati yake limekaa jina la Baba Mkwe, silabi yake ya kwanza, imetulia kabisa.

Nikasema, "Sijasahau."

Kikajibu, "Umesahau. Pole, mama. Tutajalibu tena kesho."

Nikapiga kelele kwa ukuta. Sijasahau! Sijasahau! Kila nikisema, kinachukua "sahau" na kuacha "sija". Kinaandika mama anakiri. Nilikula kande jana. Tumwitike hakuja, alikuja jirani kuomba chumvi. Yote ninayo kichwani. Neno la kufungulia mlango ndilo sina.

Alhamisi, 12 Juni

Muuguzi amekuja kutoka Tukuyu, ametumwa na wenye kidude. Anaitwa Rehema, binti wa Tanga, mpole, buti zimejaa tope. Alinishika mkono muda mrefu. Nilimpenda, ndiyo maana nikamweleza yote, tukiwa jikoni.

Alisikiliza. Akasema kwao mkwe na mkwewe wanakula sahani moja na kutaniana. Akatoa picha za karatasi. Zilezile. Nikataja zote mpaka tukafika kwa mwenye ndevu.

Akatazama mlango. Akainamisha kichwa karibu na changu. "Bibi, ninong'oneze mara moja tu. Mimi nitaandika umetaja, basi. Hakuna atakayejua."

Nilijaribu. Kweli nilijaribu. Nilifungua mdomo, midomo ikakutana kwa ile herufi ya kwanza, na pale sebuleni sauti ya Baba Mkwe ikaanza kumuuliza mtu asiyekuwepo kama amekunywa maji ya kutosha. Nikafunga mdomo. Rehema akasubiri. Nikatikisa kichwa.

Aliandika alichopaswa kuandika. Simlaumu. Alipoondoka alikuwa na machozi, mimi sikuwa nayo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeuliza nafsi yangu kwa nini. Yeye amekufa. Mungu hajali. Ningetamka ningebaki na shamba langu.

Naandika jibu. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikaa kikao kuamua nani achukue migomba na nani aende zake. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na Ipyana mgongoni. Baba Mkwe alisikiliza wote, akainuka, akaja upande ule, akakohoa. Siku zote alikohoa. Akitoka nyumbani alikohoa, akifika kwenye kona ya migomba alikohoa, ili mkamwana apate muda wa kujificha asiaibike. Ukisikia kikohozi unaingia kando, na yeye anakata njia ya juu, kwenye unyevu, mzee mzima na fimbo yake. Hakuwahi kunishtukiza hata siku moja.

Siku ile alikohoa, akanipa mgongo, akauambia ukuta: "Mwambieni mama Ipyana shamba ni lake na mtoto." Hakuna aliyekuwepo pale wa kuniambia. Nilikuwa peke yangu.

Nilimpenda yule mzee. Sikuwahi kumwona vizuri, lakini nilimpenda. Alinipa heshima yake yote na mimi nilimpa yangu, na jina lake ndiyo heshima yenyewe. Nikilitoa ili nibaki kwenye shamba alilonipa, nitakuwa nimebaki na nini?

Kile kidude hakikohoi. Kinakurukia tu.

Jumanne, 17 Juni

Nyekundu.

Nimeiona asubuhi kwa kioo cha mkononi. Ipyana hakupiga, ametuma ujumbe tu. Anakuja Ijumaa na gari. Nisibebe vitu vizito.

Jumatano, 18 Juni

Nimegawa kuku. Ng'ombe nimemwonyesha jirani, amemkagua meno mbele yangu. Nimemchukia.

Mvua isiyo na msimu. Nimeketi jikoni. Sebuleni naisikia sauti ikiuliza, ikingoja, ikiuliza. Hata yeye namwonea huruma. Wamemtoa kaburini kumfanya askari.

Ijumaa, 20 Juni

Ipyana amefika jioni. Amenenepa. Amenikumbatia muda mrefu mno, kama mtu anayeaga. Mafua yamemshika njiani, Tukuyu haina huruma na watu wa Dar.

Tumechagua nguo za kubeba. Anaongea nami kwa sauti ya juu, neno moja moja. Aliniuliza kama namjua mkewe anaitwa nani. Nikamtajia mkewe, wanawe, mama wa mkewe na mbwa wao. Akasema, "Vizuri sana, mama." Nilitaka kumchapa.

Sitaki kwenda. Nimeandika hapa kwa kuwa yeye hanisikii. Sitaki, sitaki.

Jumamosi, 21 Juni

Tulikuwa tuondoke baada ya chai.

Alfajiri nilitoka kumkatia ng'ombe majani mara ya mwisho. Ukungu mzito, huoni mgomba wa tatu. Nilikuwa narudi na mzigo kichwani pale kwenye kona. Mbele yangu mtu akakohoa.

Sikufikiri. Mzigo chini, kanga kichwani, mimi ndani ya migomba, nimechuchumaa kwenye maji, uso magotini. Mwili ulifanya wenyewe. Nilikuwa nangoja asikie nimetulia, akate njia ya juu apite.

Alikuwa Ipyana, anatoka chooni na mafua yake.

Akasimama. Nikajua nimekwisha. Sasa amejionea mwenyewe, mama anajificha migombani. Nilisubiri aje aninyanyue, anishike mkono, aniite mama, mama, kwa ile sauti ya kusemesha watoto.

Hakuja. Alisimama sana. Kisha akakohoa tena. Kidogo, kwa makusudi, hakikuwa kikohozi cha mafua. Nikasikia miguu yake ikigeuka, ikapanda njia ya juu, kule kwenye parachichi, na matone yakimwangukia. Alizunguka shamba zima kwa viatu vya mjini ili asipite mbele yangu.

Nililia hapo hapo nilipochuchumaa.

Jikoni alikuwa amelowa mpaka magotini. Alisema yeye ndiye alikuwa anatumwa. Babu anasimama nje, anakohoa, anasema, "Mwambieni mama Ipyana mvua inakuja, aanue kahawa." Naye anakimbia hatua chache na kunieleza maneno ambayo nimeshayasikia yote. Mimi namwambia, "Mwambieni nimesikia." Anakimbia kurudi. Alidhani ni mchezo aliotungiwa yeye. Alikuwa na miaka mitano babu alipofariki, mchezo ukaisha, ukamtoka kichwani.

"Nilisahau, mama. Hii nyekundu ilikuwa yangu."

Hatukuondoka. Chai tuliinywa mpaka saa sita.

Jumapili, 22 Juni

Ipyana amemsimulia Rehema kwa simu, kisha wenye kidude, kwa ukali ambao sikujua anao. Wamesema wanaweza kuifuta sauti leo hii na kuweka ya msichana.

Wote wawili wakanitazama, yeye na Tumwitike. Tumwitike alikuwa anakunjakunja pindo la kitenge.

Nikasema asifutwe. Nilishangaa mwenyewe. Nikasema afundishwe adabu zake.

Jumatano, 25 Juni

Ipyana amerudi Dar. Siku mbili zote alikuwa ameketi mbele ya kabati na kompyuta yake, akibishana na watu kwenye simu. Kidude kimehamia barazani, kimegeukia barabara. Nikiwa ndani, kinanisikiliza tu. Mambo ya picha yameondolewa. Rehema atakuja mwenyewe kila mwezi, na mwenye ndevu anakubaliwa.

Nilimweleza Ipyana habari ya chujio. Sikutaka, lakini nilimweleza. Hakusema ni kitu kidogo. Alisema kama siku moja yatakuwa mengi, yeye ndiye atakayehamia huku kwanza kabla ya kunihamisha mimi. Sijui kama mkewe amesikia hilo. Shamba tumekubaliana lisiguswe.

Kuku wawili wamerudi wenyewe.

Jumapili, 29 Juni

Kumekucha bila ukungu. Mlima Rungwe wote unaonekana. Nimeingia sebuleni kwa mlango wa mbele, nimefuta vumbi la kabati, nimenywea chai kwenye kiti changu.

Nimeichuja kwa chujio. Nimelitaja kwa sauti, basi tu.

Barazani akakohoa. Ni kikohozi cha Ipyana, walikirekodi akiwa na mafua, lakini kimekaa vizuri. Nikavuta kanga kichwani na kugeukia dirisha la nyuma. Akangoja. Kisha akasema na barabara, hakusema na mimi.

"Mwuliseni mama Ipyana kama amesahau dawa."

Hakuna mtu mwingine nyumbani. Paka alikuwa amelala kwenye gunia. Nikamwambia paka.

"Mwambieni sijasahau."

Halafu barazani, kwa sauti yake ile ya kuombea chakula, akashukuru kwa Kinyakyusa:

"Ndaga."

Nimekwenda kumkamua ng'ombe.